Mjomba Amenipa Mahari

Kama umewahi kuona ile filamu ya vita ambamo msichana wa Kigali anasoma barua ya mchumba wake kwa mwanga wa mshumaa, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, basi tufahamiane: msichana ni mimi, na machozi ni ya vitunguu. Umeme ulikuwepo. Siku hiyo taa yetu ya sebuleni iliwaka vizuri, jambo ambalo kule mtaani kwetu Biryogo halikuwa la kila siku, lakini mzungu wa filamu aliizima kwa mkono wake mwenyewe akasema taa ya umeme haina hisia. Mshumaa alikuja nao mfukoni. Nadhani huko kwao wamefundishwa kwamba Mwafrika akiletewa barua, cha kwanza hutafuta mshumaa.

Binti yangu aliiona filamu hiyo chuoni, akanipigia simu analia. "Mama, kumbe mambo ya mahari zamani yalikuwa mazuri namna hii?" Nikaona sasa imetosha. Ikiwa hata mtu niliyemzaa mwenyewe anawaamini wale kuliko mama yake, ngoja na mimi nisimulie, tena taa ikiwa inawaka.

Vita vilianza mwishoni mwa mwaka tisini, huko kaskazini mpakani. Sisi wa Biryogo tulivisikia kwanza redioni, kisha tukaviona kwa jinsi vichochoro vilivyopungukiwa vijana. Mchumba wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa fundi baiskeli, kwao Nyakabanda, mikono yake haikuwahi kutoka grisi hata siku ya Idi, na hakuingia jeshini kwa kuipenda nchi. Nchi tuiache kidogo. Aliingia jeshini kwa ajili ya mahari yangu, kwa sababu jeshini kulikuwa na mshahara na kwenye baiskeli kulikuwa na "nitakulipa kesho".

Baba yangu alikuwa fundi cherehani mwenye kibaraza karibu na msikiti, na siku ya Ijumaa alikuwa Mwislamu safi kabisa. Siku hiyo angekueleza vizuri kwamba mahari ni haki ya mwanamke, hata ikiwa pete, hata ikiwa msahafu. Siku zilizobaki alikuwa Mnyarwanda wa milimani: mahari ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wake yeye. Zizi hatukuwa nalo. Tulikuwa na ua unaotosha kuku wachache wasio na ugomvi. Lakini ng'ombe aliwataka, au thamani yao, na fundi baiskeli wa Nyakabanda hakuwa na hata mkia.

Wakati huohuo akajitokeza bwana mmoja wa Kabuga, mfanyabiashara wa maharage na mafuta ya kupikia, mwenye duka, mwenye pikapu, mwenye mke tayari. Mimi ningekuwa wa pili. Alikuwa mtu mpole, sina neno naye, ila akila alikuwa anapumua kwa sauti kama mtu anayepanda mlima na gunia. Kila mara alikuja kwa Baba kushonewa suruali, na sijawahi kuona suruali zinazochanika kwa bidii kama za bwana yule. Kila alipokuja aliacha kopo la mafuta.

Mwanzoni mwa tisini na tatu Baba akachoka kungoja, akasema mbele yangu na mbele ya Mama: kijana ana mpaka mwisho wa mwaka huu. Mahari isipofika, naolewa Kabuga. Kwa hiyo nilipokuwa nasali, na mwaka ule nilisali sana, sikuomba amani kama watu wenye akili. Niliomba mahari.

Kabla sijaenda mbele lazima niuseme ulimi wetu, maana ndio uliotuponza. Kiswahili cha Kigali si cha vitabuni. Kinyarwanda hakioni tofauti kubwa kati ya l na r, kwa hiyo na sisi hatukuona sababu ya kujisumbua. Jirani alikuwa anakwenda kurara, shangazi alikuwa anapika wari, na wazee asubuhi ya baridi walitaka chai kari ya tangawizi. Ngeli nazo tulizipunguza, tukabaki na neno moja la kazi zote: iko. Mtu iko, nyumba iko, Mungu iko. Leo ulimi wangu umenyooka kidogo kwa kukaa na watu wengine, lakini wakati ule nilikuwa kama wenzangu. Mchumba wangu ndiye aliyekuwa bingwa. Aliniambia ananipenda kweri kweri, na mimi nikaona hiyo ndiyo namna yenyewe ya kupendwa.

Basi mwaka huohuo, mapema, alipewa likizo fupi. Hakuja Biryogo. Alituma salamu kwamba anapitiliza kwa mjomba wake, kaka wa mama yake, aliyekuwa analima na kufuga ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Tanzania. Sote tukaelewa anafuata nini. Mtu hatoki vitani akasafiri kwa mjomba mwenye ng'ombe kwenda kumsalimia tu. Baba akawa mchangamfu wiki nzima, mpaka akashona kifungo cha mteja bure.

Kisha barua ikaja. Barua za wanajeshi zilipita kwanza mezani kwa ofisa wa kuzisoma, kwa hiyo watu waliandika kama wanaozungumza mbele ya mkwe: maneno machache na hakuna la ndani. Yake ilisema hivi: "Mpenzi mimi iko mzima. Nilifika kwa mjomba. Mjomba amenipa mahari. Iko kubwa, inatosha watu yote ya kwenu. Kujeni mapema, mvua kubwa haijaanza. Usisikirize watu. Mimi iko wako kweri kweri."

Baba aliisoma kwa sauti, akafika kwenye mahari, akarudi nyuma kidogo, akaifikia tena. Mama akapiga kigelegele kifupi, cha mtu asiyetaka majirani wajue kabla hajawaambia yeye mwenyewe. Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa mkekani anachagua mawe kwenye mchele, akauliza, "Iko wapi?"

"Nini, Mama?"

"Hiyo mjomba alimupa. Iko wapi?"

"Mama, mahari haiulizwi wapi," Baba akasema. "Inaulizwa ngapi."

Tukacheka sote. Masikio ya Bibi yalikuwa yameanza kwenda zake, na tulikuwa na tabia mbaya ya kucheka kila alipouliza kitu. Palikuwa na jambo moja tu lililomkwaza Baba, lile la "kujeni mapema". Tangu lini watu wa mke wanaifuata mahari? Akakuna kichwa, akaamua ni lugha ya jeshini, huko wamezoea kuamrisha. Jioni ile nililala na barua chini ya mto, nikijiona nimeokoka na Kabuga.

Miezi michache baadaye, mapigano yamesimama na wakubwa wanazungumza habari za amani, wakaja watu wa filamu. Mkubwa wao alikuwa mzungu mwembamba mwenye fulana ya mifuko mingi kuliko vitu vya kutia, na pamoja naye mpiga picha, mshika sauti, na luteni mmoja aliyepewa kazi ya kuhakikisha hawapotei njia wala hawaoni kitu. Walitaka barua za wanajeshi kwenda nyumbani. Filamu nzima itajengwa kwa barua, alisema, ili dunia ione vita kwa jicho la mtu wa kawaida. Habari ikaenea Biryogo upesi. Watu wakaleta barua zao, na wasiokuwa na mtu jeshini wakaleta pia. Jirani yetu mmoja alileta barua ya kaka yake wa Bujumbura aliyekuwa anadai kurudishiwa viatu vyake. Ilifikiriwa kwa uzito mkubwa.

Musiyo, ndivyo tulivyomwita mzungu yule, alisoma Kiswahili chuo kikuu cha kwao. Kilikuwa Kiswahili kilichopigwa pasi. Hakuna aliyekuwa amewahi kutusemesha namna ile, si kwetu wala popote Kigali. Alimwinamia Bibi akasema, "Shikamoo Bibi, waonaje hali? Je, nyumbani hapa pana waraka wowote kutoka kwa askari?" Bibi akamtazama, akanigeukia akaniuliza kwa sauti ambayo yeye aliidhani ndogo, "Huyu iko anauza nini?"

Nikampa barua yangu. Akaisoma mara moja, akainua macho, na Wallahi macho yalikuwa yamelowa. "Mahari," akasema taratibu, kana kwamba ameokota kitu barabarani. "Katikati ya vita, kijana atafuta mahari." Kisha akatueleza, kwa upole wa mwalimu, kwamba mwandishi hakuzingatia upatanisho wa ngeli, lakini maana ilikuwa bayana. Alijua neno mahari vizuri. Lilikuwa kwenye kitabu chake, pamoja na desturi zetu, ambazo alituhadithia sisi wenyewe sebuleni kwetu huku tukimpa chai na mandazi.

Alikwama mahali palepale alipokwama Baba. "Kujeni mapema. Je, ni desturi yenu kwamba jamaa za bibi harusi husafiri kwenda kuikagua mahari?"

Baba aliangalia kamera. Kamera ilikuwa imewashwa, taa yake nyekundu inawaka. "Ndiyo," Baba akasema. "Tangu zamani."

Hapo ndipo desturi ile ilipozaliwa, sebuleni kwetu, saa nne asubuhi. Sijui kama imekua mpaka leo.

Siku ya kupiga picha walinivua gauni langu la kushona, eti ni la kisasa mno, wakanifunga kitenge cha Mama ambacho Mama mwenyewe alikuwa anakitumia kushikia sufuria. Baba walimwambia asimamishe cherehani kwa sababu inapiga kelele, kisha wakamwambia aiendeshe kwa sababu ni sauti ya uhai. Wakamtaka ashone gauni langu la harusi. Baba alikuwa fundi wa suruali na kaptula za shule, gauni la harusi hajawahi kuligusa, lakini alichukua chandarua kuukuu akakipitisha kwenye cherehani kwa uso wa huzuni tukufu. Kwa kweli alipendeza. Mimi nilisoma barua mara nyingi mpaka maneno yakaniishia utamu, na machozi hayakutoka, ndipo Mama akaleta vitunguu. Bibi walimweka nyuma yangu kama pambo. Kila nilipofika kwenye mahari aliuliza, "Iko wapi?" na kila mara mshika sauti alishika kichwa. Mwisho wakamwomba kwa adabu akapumzike uani.

Walipoondoka waliondoka na barua yangu. Nitakurejeshea, Musiyo akasema, akaweka mkono kifuani. Walikuwa wanakwenda kaskazini kuwatafuta wanajeshi walioandika, na aliniuliza kama nina ujumbe kwa mchumba wangu. Watu wote wamesimama, luteni anaangalia saa, mtu utasema nini? Nikasema, "Mwambieni ninangoja."

Nikangoja. Baada ya hapo haikuja barua nyingine. Redioni amani ilikuwa inatiwa sahihi, inasifiwa, inacheleweshwa, inasifiwa tena. Mvua za vuli zilikuja. Bwana wa Kabuga alichana suruali mbili mwezi mmoja, na makopo ya mafuta yakajaa chini ya kitanda cha Mama. Baba hakunisumbua. Alikuwa anahesabu miezi kimyakimya, nami nilimwona anavyohesabu.

Mwezi wa mwisho wa mwaka tukaalikwa kutazama filamu. Ilionyeshwa mjini katika ukumbi wenye viti vya kukunja, mbele wameketi wakubwa na wake zao wenye marashi, nyuma sisi wa barua. Baba alivaa suti. Yule jirani wa barua ya viatu vya Bujumbura alikuja pia, akakaa mbele yetu akijitafuta kwenye kila picha, hakujiona.

Barua zilisomwa kwa Kifaransa na mtu mwenye sauti nzito ya kubembeleza, sauti ya mtu aliyeshiba. Nilisoma sekondari miaka miwili, Kifaransa nilikipata cha kunitosha. Wanajeshi wale niliokuwa nawajua, watoto wa vichochoro vyetu walioandika kuomba sabuni na soksi, sasa walikuwa wanazungumza habari za ukungu na umilele. Nikatokea mimi na mshumaa. Mke wa mkubwa mmoja akatoa kitambaa. Sauti ikasema: katika desturi za kale za watu hawa, jamaa za bibi harusi husafiri kwenda kuikagua mahari. Baba akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayesikia habari za babu yake.

Halafu akatokea yeye.

Alikuwa amekonda. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, bunduki mapajani, na pembeni kulionekana bega la luteni. Kwa mara ya kwanza katika filamu nzima waliacha mtu azungumze kwa mdomo wake, maneno ya Kifaransa yakipita chini. Musiyo alimuuliza kama ni kweli mahari i tayari. Akacheka lile cheko lake la pembeni.

"Iko," akasema. "Mjomba alinipa. Iko kule." Akasimama, akanyoosha mkono wote, begani mpaka kidoleni, kuelekea jua linakotoka. "Iko kubwa. Mwambie aje, aje na watu yote, asingoje mimi. Mahari ya Kigari iko mbaya. Itakuwa mbaya sana."

Chini yake maneno ya Kifaransa yalisema: mahari za Kigali zimekuwa ghali, na zitazidi kupanda.

Ukumbi ukacheka, kicheko kizuri cha kukubaliana. Wakubwa walicheka, wake zao walicheka, Baba alicheka akanigonga na kiwiko, maana hilo la bei alilijua. Mimi nilikuwa naangalia ule mkono. Mtu haonyeshi bei kwa mkono. Nikakumbuka zamani tukitembea pamoja, jua likituchoma, alivyokuwa ananivuta kitenge na kusema, "Hapa iko jua, twende mahari ingine." Alikuwa anasema hivyo kila siku ya Mungu. Mahali alikuwa anaita mahari, tangu nimjue, na mimi niliyemjua nikasoma barua yake kama mzungu.

Ukumbini nilimtafuta Bibi kwa macho ili nimwambie, nikakumbuka tumemwacha nyumbani kwa sababu anauliza sana.

Nje, watu wakipeana mikono, luteni akamtambua Baba. Akamwambia kwa tabasamu, "Mzee, huyo bwana harusi wenu, sisi pia tunamtafuta. Alitoroka wiki ileile waliyompiga picha. Mkimwona na hiyo mahari yake, mtuambie." Baba akatuongoza mpaka nyumbani. Alivua koti la suti, akalitundika vizuri, akasema Ijumaa inayofuata atazungumza na bwana wa Kabuga.

Asubuhi nikamfuata kibarazani.

"Baba, hakusema mahari. Alisema mahari."

Akainua miwani. "Unasemaje?"

"Si mahari, Baba. Mahari."

Nilijisikia mwenyewe. Nilijua neno ninalolitaka, niliona kabisa linavyoandikwa, lakini ulimi wangu ulilipeleka palepale pa siku zote. Nikajaribu tena taratibu, kama mtu anayefundisha mtoto, likatoka lilelile. Baba akanitazama kwa huruma. Alidhani ni mapenzi yamenipanda kichwani.

"Kiwanja, Baba," nikasema mwisho. "Pa kukaa. Mjomba wake amempa pa kukaa, sisi wote, anasema tutoke hapa."

Hilo alilielewa. Aliendesha cherehani mpaka mwisho wa mshono. "Fundi baiskeli na kiwanja, wapi na wapi," akasema. "Na mimi kiwanja cha Tanzania nitakifanya nini? Nitakipiga pindo? Watu wametia sahihi amani, wewe unataka nihame." Kisha akanituma vifungo dukani.

Bibi alikuwa mlangoni. Sijui alisikia kiasi gani, masikio yake yalikuwa yanachagua. Akaniuliza lile swali lake, na safari hii sikucheka. Nikamwambia: ng'ambo ya mto, kwa mjomba wa yule kijana. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anasubiri chenji yake. Akamwendea mwanawe.

"Mimi niko nakwenda kuangaria mahari," akamwambia. "Na huyu mutoto."

"Mama, hakuna mahari."

"Filamu imesema watu wa bibi harusi wanakwenda kuangaria. Ulisema wewe mwenyewe. Tangu zamani."

Nilimwona Baba akinaswa. Wakubwa wote wa mjini walisikia filamu ikisema hivyo, hawezi tena kusema desturi haipo. Na ndani yake, namjua baba yangu, palikuwa na kitumaini cha ng'ombe hata mmoja. Akasema haya, kakagueni, Kabuga nitamwambia asubiri mpaka mrudi na jibu. Nikamsihi Mama aje na wadogo zangu wawili. Mama akaangalia makopo ya mafuta, akaangalia Baba, akasema atakuja baada ya Idi, si vizuri kumwacha mwanamume afunge Ramadhani peke yake.

Tukaondoka Januari, mimi, Bibi na kapu la mandazi. Barabara ya mashariki inapita Kabuga. Bwana wa suruali alikuwa ameketi mbele ya duka lake, akatuona dirishani, akasimama kwa heshima akapunga mkono. Nikampungia. Alikuwa mtu mpole, nimeshasema.

Tulivuka daraja la mpakani kwa miguu, Bibi akilalamika kwamba mto una kelele. Kwa mjomba tulifika siku ya pili. Palikuwa na mteremko mzuri, migomba, na katikati nyumba ya matofali mabichi ambayo haijaezekwa nusu, ndefu kama shule. Yeye alikuwa juu ya ngazi bila shati. Alituona, akashuka, akaangalia nyuma yetu njiani.

"Wengine iko wapi?" akauliza. "Na mbona mumecherewa hivi? Niliandika mapema."

"Tulidhani mahari," nikasema, nikaanza kulia, safari hii bila vitunguu.

"Si niliandika mahari?"

"Mahari ya kuoa."

Akasimama pale na udongo mikononi, akinitazama kama nimesema Kichina. "Kwani iko ingine?" akasema.

Musiyo alikuwa amempelekea ujumbe wangu neno kwa neno: ninangoja. Basi na yeye, mtoro wa jeshi asiyeweza kurudi kutuchukua, akakaa akingoja, kila mmoja wetu upande wake wa mto.

Nilituma salamu kwa Baba kwa mdomo wa kondakta wa basi, mtu wa Nyamirambo aliyemfahamu. Nilimfundisha maneno mpaka akayashika: iko kweli, nimeiona, ni kubwa, njooni wote sasa hivi. Akarudi na jibu baada ya wiki mbili. Baba alifurahi sana, alisema. Aliwaambia majirani wote. Jibu lake lilikuwa neno moja: "Ileteni."

Nilimkasirikia baba yangu kwa neno hilo kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Nikatuma kondakta tena, na tena. Idi ikafika, tukaisali huku, Mama hakuonekana. Akatuma neno kwamba mdogo wangu ana homa, waache ipoe kwanza. Kisha ikawa Aprili. Tulisikia redioni kwamba Kigali watu wanauawa, halafu watu wakaanza kuvuka daraja, wengi, siku baada ya siku, na mimi nilikuwa nasimama kando ya barabara nikiangalia nyuso. Bibi nilimwekea kigoda pale. Hakuuliza tena kitu.

Wa kwetu hakuja hata mmoja.

Filamu nilisikia ilipata tuzo huko kwao, kwa jinsi ilivyosikiliza sauti za watu wa kawaida. Barua yangu sijarudishiwa. Huenda imetiwa kwenye fremu mahali fulani, mahali kwa l, nimeshajifunza, watoto wangu wamenifundisha, inanitoka vizuri sasa.

Nyumba tulimaliza kuiezeka mwaka ule. Mume wangu hakutaka kupunguza hata chumba kimoja, alisema ramani ni ileile. Iko kubwa, inatosha watu wote wa kwetu. Chumba cha Baba na Mama tunaweka mahindi, na cha wadogo zangu tunaweka maharage.